Manifoldi ya Baba Ndunge

Jumanne, 1 Agosti 1972

Nimedhalilishwa nyumbani kwangu, nikiwa nimevaa tai.

Kamati ya harusi ya binti yangu Ndunge imekutana hapa kwetu Ngara leo jioni. Ajenda ya nne: gari la kumbeba bi harusi. Mimi ndiye baba, gari ninalo, na chai waliyokuwa wakinywa ni yangu. Nilidhani ajenda hiyo itachukua nusu dakika. Wapi! Oloo, jirani yangu wa mlango wa pili, akakohoa. Oloo ndiye mwenyekiti. Alijiteua wakati sisi wengine tunatafuna mandazi. Akasema kwa heshima zote, Bwana Mutiso, lile gari lako dogo halina pumzi. Akasema kanisa la kina Macharia, bwana harusi, liko Mutuini, na mbele ya kanisa kuna kilima. Akasema yeye ana Peugeot 404. Nyeupe. Kana kwamba kuna mtu Ngara nzima asiyejua. Huiosha kila asubuhi chini ya dirisha langu huku akipiga mluzi.

Kavata, mke wangu wa miaka ishirini na minne, akaunga mkono hoja! Mke wangu!

Ndunge alikuwa darasa la pili nilipomwahidi kwamba siku ya harusi yake nitamwendesha mimi mwenyewe. Wakati huo sikuwa hata na baiskeli. Leo nina Anglia ya mwaka 1961, na nitamwendesha. Nilisimama nikapinga mpaka kikombe kikamwagika. Mwisho tukakubaliana: Jumapili tarehe 13, jaribio. Gari langu lipande kilima cha Mutuini likiwa limembeba Oloo, awe mzigo na awe hakimu. Likizimika, bi harusi anakwenda na Peugeot. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Siku kumi na mbili. Zinatosha na kubaki.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimeipata dawa! Kwa kinyozi, kwenye jarida la magari la Uingereza, kurasa mbili zimekatwa lakini zilizobaki zinatosha.

Niandike nisisahau. Injini hupumua kupitia bomba liitwalo manifoldi. Mdomo wa manifoldi unakutana na mdomo wa injini. Kiwandani hawaangalii vizuri, midomo miwili hailingani, mmoja unaingia ndani kidogo kuliko mwenzake. Basi pumzi ikija mbio inajikwaa hapo. Dawa ni kusafisha manifoldi, kisha kuukwangua mdomo wake kwa tupa mpaka ulingane sawasawa na ule wa injini. Wazungu wa mashindano ndivyo wanavyofanya. Nguvu inaongezeka. Jarida limesema "kwa kiasi cha kuonekana".

Nilikwenda Grogan, kwenye gereji za magari, saa ya chakula cha mchana kumwona fundi wangu Were. Nikamweleza habari ya midomo miwili, nikamchorea hata kwenye bahasha ya serikali. Were akasikiliza, akajipangusa mikono, akasema, "Mzee, wacha kwanza nifungue kisafishio cha hewa. Pengine ni uchafu tu."

Uchafu tu! Mtu anakuletea sayansi, wewe unamletea ufagio. Nimeondoka. Kazi hii nitaifanya mwenyewe.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimefungua kabureta, nimefungua manifoldi. Kazi imenichukua muda wa saa tano kamili, kwa kuwa nati moja ilikataa katakata. Nimechubuka vidole vitatu. Oloo alikuwa kando yangu anaosha gari lake, akauliza kama ninahitaji msaada. Nikamwambia hapana asante. Akauliza kama ninajua ninachofanya. Nikapiga mluzi.

Manifoldi imeganda masizi ndani, meusi, magumu kama ukoko wa wali. Nimesugua kwa petroli, kwa mafuta ya taa, kwa mswaki (wa Kavata, lakini ule wa zamani, nadhani). Hayatoki.

Kisha wazo. Sisi Wakamba tukitaka maharagwe sugu yalainike tunatia nini kwenye chungu cha isyo, yaani mahindi na maharagwe? Magadi! Mahindi makavu ya miaka miwili hulainika yakikutana na magadi. Masizi ni nini mbele ya mahindi ya Kitui? Wazungu wa jarida hawajui jambo hili. Nashangaa na kuwahurumia.

Jumapili, 6 Agosti

Kavata na Ndunge wamekwenda kanisani. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Walipofika chini tu, nikaweka manifoldi ndani ya sufuria kubwa ya isyo, maji, magadi vijiko kumi na viwili. Nikachemsha kwa muda wa saa mbili, nikifunua na kufunika.

Masizi yametoka! Yote! Maji yalikuwa meusi tii. Ni kweli manifoldi nayo, iliyokuwa ya rangi ya fedha, imegeuka ya kijivu na imeingia vishimo vishimo. Hiyo ni ngozi tu. Injini haina macho. Nikaiosha sufuria mara tatu, nikairudisha pale pale, mfuniko ukiangalia upande ule ule. Nilipowasikia kwenye ngazi nilikuwa nimelala kitandani na kitambaa kichwani.

Jumatatu, 7 Agosti

Sikujua kwamba jana alasiri akina mama wa kanisa wangekula isyo hapa kwetu. Wala sikujua wanawake kumi na mmoja wanaweza kunyamaza kwa pamoja namna ile. Mmoja aliuliza kwa upole kama Kavata amebadilisha jiko. Mwingine alisema isyo hii inamkumbusha stesheni ya petroli. Kavata alinusa sufuria. Kisha akaninusa mimi.

Leo amezungumza nami mara moja, kuniambia niondoke njiani.

Hakuna neno. Kazi inaendelea. Ili nijue pa kukwangua lazima nipate alama ya mdomo wa injini. Jarida linasema upake rangi ya mafundi. Sina. Ofisini tuna wino wa mihuri, zambarau, wa kuaminika. Nimechukua kidogo tu. Nimepaka mdomo wa injini, nikabandika karatasi, alama ikatoka safi sana. Nikaikata karatasi, nikaiweka juu ya manifoldi. Jarida lilisema kweli! Midomo hailingani! Tofauti ni kama unene wa ukucha, lakini ipo! Nilimwita Ndunge aje aone. Akaangalia, akasema ndiyo baba, naona. Mtoto huyu ana akili. Akaniuliza vidole vyangu vimekuwaje.

Jumatano, 9 Agosti

Vidole bado zambarau. Karani Mkuu amekuta kidau cha mihuri kikavu na ameuliza idara nzima nani amechukua wino. Niliweka mikono mifukoni. Akataka nimpe faili. Nikalisukuma kwa kiwiko. Ameniandikia barua kunitaka nijieleze.

Jioni nimekwangua kwa tupa. Kazi tamu! Vumbi la aluminiamu linaanguka kama unga. Nilikwangua mpaka kwenye alama, nikaona ni vizuri, nikaona vizuri zaidi si vibaya, nikaendelea kidogo. Hapo tupa ikatokea upande wa pili.

Tundu dogo. Punje ya mtama, si zaidi. Nimeliangalia kwa muda mrefu. Halafu nikagundua kwamba karatasi yangu ya alama nilikuwa nimeilaza kichwa chini, kwa hiyo ukuta niliokwangua haukuwa ukuta wenyewe.

Tanki la petroli likivuja, kila dereva wa Kenya hii anajua kuliziba kwa kipande cha sabuni. Nimeziba tundu kwa sabuni. Kisha nimekwangua ule upande uliotakiwa. Sasa mdomo ni mkubwa pande zote. Pumzi itaingia na nafasi ibaki.

Ijumaa, 11 Agosti

Gasketi, yaani ile karatasi ngumu inayokaa katikati ya manifoldi na injini isivuje hewa, imeraruka. Maduka yana za mdomo wa kiwandani, hayana za mdomo wangu. Nikahitaji karatasi ngumu, nene, nzuri. Kwenye kabati la Kavata kuna kadi za harusi. Zimechapishwa kwa karatasi bora kabisa.

Niliharibu mbili. Ya tatu ilikuwa na jina "Bw. na Bi. Oloo na Familia". Nimeikata taratibu, kwa furaha. Imetoshea.

Jumamosi, 12 Agosti

Kabureta limenishinda kulirudisha. Vitu vinne vimebaki mezani, na sivijui. Nimevutwa kwa kamba hadi Grogan, Peugeot mbele, mimi nyuma. Ndiyo, Oloo ndiye aliyenivuta. Alijitolea, na majirani wote walikuwa madirishani.

Were alitazama manifoldi. Akaona sabuni. Akaona kwenye gasketi maandishi "mnakaribishwa kwa furaha". Akakaa juu ya tairi kwa muda. Kisha akafunga kila kitu. Wakati anafunga akachungulia kisafishio cha hewa, akavuta, akatoa fulana yangu ya zamani. Niliiweka humo mwaka jana kuzuia vumbi. "Mzee, hii gari ilikuwa inapumua kwa fulana," akasema. Nikamwambia airudishe, vumbi la Mutuini ni kali. Akakataa! Akaitupa kwenye pipa! Sasa mpango wangu safi umeingiliwa, na kama gari halitapanda kesho nitajua ni kosa la nani.

Jumapili, 13 Agosti

LIMEPANDA!

Oloo kiti cha mbele, kilo zisizopungua tisini na saba. Ndunge nyuma, alitaka mwenyewe kuja kunishangilia. Kilima cha Mutuini, udongo mwekundu, gia ya pili, halikukohoa hata mara moja! Oloo alishika mlango kwa mikono miwili. Kileleni alishuka, akanipa mkono, akasema ameshindwa kihalali. Akauliza nimefanyaje. Nikamweleza habari ya midomo yote, toka mwanzo. Were atasema ni fulana. Watu wa aina ile hawakosekani.

Kwenye kurudi Oloo alinunua nyama Kenyatta Market, akala nasi, akamsifia Ndunge gari la baba yake. Ndunge akanishika bega. Niliona aibu kidogo kwa habari ya ile kadi yake. Kidogo sana.

Ni mimi nitakayemwendesha. Imeandikwa kwenye kumbukumbu.

Jumamosi, 19 Agosti

Jambo dogo. Gari limeanza kupiga mluzi. Nadhani sabuni imeyeyuka. Pia nikiacha kukanyaga mafuta, injini inazima papo hapo, na ikizima ikiwa moto haiwaki tena mpaka ipoe nusu saa. Nimepita kwa Were kumsalimia tu. Akasikia mluzi. Akasema nimwachie gari siku moja, atanitafutia manifoldi nyingine na gasketi ya kweli, nisitie harusi ya mtoto mashakani.

Kutupa manifoldi iliyopanda Mutuini na Oloo ndani! Nimemwambia asante. Suluhisho ni rahisi: siku hiyo sitaondoa mguu kwenye mafuta. Basi.

Ijumaa, 25 Agosti

Yote ya harusi ya kesho yamepangwa. Uzito ndio adui. Nimeagiza wasimamizi wa bi harusi wapande Peugeot. Kavata pia apande Peugeot. Amekubali upesi mno, nimeona. Ndani ya Anglia tutakuwa wawili tu, Ndunge na mimi. Hata gurudumu la akiba nimelitoa, liko chini ya kitanda.

Sitaweza kushuka kumfungulia mlango, kwa ajili ya mguu wangu. Sitaweza kugeuka, kwa kuwa lazima nisikilize injini. Kavata atamwingiza nyuma, kisha atapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja, nami nitang'oa nanga. Nimemfanyisha mazoezi. Alipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 26 Agosti

Nitaandika ilivyokuwa.

Saa tatu gari linanguruma mlangoni, linapiga mluzi, mguu wangu uko kwenye mafuta. Riboni nyeupe mbele. Wanawake wa upande wa Macharia wamekuja kumchukua bi harusi, wanaimba nje, na wa kwetu wamefunga ngazi wakiwaimbia kwamba mtoto hatoki bure. Ndiyo desturi, na ni nzuri, lakini desturi haijui habari ya injini. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, unafungwa. Nikatupa jicho kwenye kioo: weupe mtupu kiti kizima. Moyo ukanipanda. Kisha paa likapigwa, mara mbili, mara nne, mara nyingi, na vigelegele. Nikang'oa.

Gari lilikwenda vizuri ajabu. Jepesi! Dagoretti Corner niliipita watu wakipunga mikono. Na kwa kuwa tulikuwa wawili tu, na kwa kuwa sikuweza kugeuka kumwangalia, nilianza kusema. Nilimwambia Ndunge kwamba alipozaliwa nilikuwa kazini Mtito Andei, nikamwona ana siku tisa, na kwamba sijajisamehe siku zile tisa. Nilimwambia nilikosea nilipomkatalia kusomea uuguzi, kwamba nilikuwa naogopa tu atakwenda mbali. Nilimwambia gari hili nililinunua kwa ajili ya leo. Nilimwambia nyumba itakuwa kimya na sijui nitamwonyesha nani vitu vyangu. Mambo ambayo sijapata kumwambia mtu. Hakujibu. Kwenye kioo niliona weupe unatikisika. Nikajua analia. Nikalia na mimi, mguu ukiwa imara kwenye mafuta.

Kilima tulikipanda kwa gia ya tatu. Ya tatu! Nilipiga honi mpaka juu.

Kwaya ilianza kuimba tulipoingia uani. Macharia alisimama mlangoni mwa kanisa, suti nyeusi, ua kifuani. Nikaondoa mguu. Injini ikazima. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma, nikainama kwa heshima.

Keki. Keki ya orofa tatu, na sanduku la nguo za Ndunge, vimefunikwa shuka nyeupe ili visiingie vumbi.

Kwaya ilimaliza ubeti mzima. Macharia aliitazama keki, akanitazama mimi. "Baba," akasema taratibu, "Ndunge ako wapi?"

Ndunge alikuwa Ngara, kwenye ngazi, bado anaimbiwa. Kumbe mlango ulifunguliwa na waliopakia keki, waliopiga paa ni wanawake waimbaji, na watu wa kwetu walinikimbilia nyuma wakipunga mikono nisimame, nami sikugeuka. Gari halikuwaka. Nilikaa kwenye jiwe kando ya kanisa karibu nusu saa, na wageni wakanizunguka wasinikanyage.

Kisha honi, na Peugeot nyeupe, na Oloo kwenye usukani, na binti yangu nyuma yake. Oloo alishuka akamfungulia mlango. Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Iliniuma sana. Ndunge akanijia, akaingiza mkono wake kwenye wangu, glavu nyeupe juu ya vidole vyangu vya zambarau, akasema twende, baba. Tukaingia. Sikuweza kumwambia hata neno moja.

Jumapili, 27 Agosti

Nimeamka mapema. Nyumba ni kimya, kama nilivyosema.

Mchana Ndunge na Macharia wamekuja kuaga rasmi. Kavata aliwapikia, kwenye sufuria mpya. Ndunge akakaa karibu nami. Akasema watu wa Dagoretti Corner waliniona jana nikiongea peke yangu garini na machozi yananitoka. Akataka kujua nilikuwa nikisema nini.

Nilifungua kinywa. Kavata alinitazama. Macharia alitazama sahani. Nikasema nilikuwa nikihesabu mizunguko ya injini.

Ndunge akaviangalia vidole vyangu vya zambarau. Kisha akasema, "Baba, mimi sikujali gari lipande ama lisipande. Nilitaka tu tukae pamoja mle ndani njia nzima. Jumapili ijayo njoo utuchukue huko Mutuini. Wewe mwenyewe. Twende polepole, na uniambie yale ulikuwa unasema."

Nimekubali. Nilishika mkono wake. Walipoondoka nilisimama dirishani mpaka walipopotea, na sioni haya kusema kwamba nililia tena. Nimeyatafakari maneno yake mchana kutwa. Yamenigusa mno.

Siku saba. Abiria wawili, pengine watatu, na huo ni mzigo. Ni dhahiri manifoldi haikupanuliwa vya kutosha. Nimeshaifungua, iko mezani hapa mbele yangu, na safari hii nitakwangua na mdomo wa injini yenyewe. Nimepiga hesabu. Kilima kwa gia ya nne, tusisimame popote, kutoka Mutuini hadi Ngara itakuwa dakika ishirini na tano tu. Tutafika upesi kiasi kwamba hatutapata hata nafasi ya kuzungumza.